Senti Tano za Joto

Mwezi Juni mwaka 1905, katika Mtaa wa Smithfield mjini Pittsburgh, Marekani, Harry Davis na shemeji yake John P. Harris walifungua ukumbi mdogo wa viti 96 wakauita Nickelodeon, kwa kuwa kiingilio kilikuwa sarafu moja ya nikeli, yaani senti 5. Haikupita miaka mitatu, kumbi za aina hiyo nchini humo zikawa zinakaribia 8,000. Wanahistoria wa sinema wamezizungumzia sana. Wameeleza habari za vibarua wa viwandani waliokuwa wakiingia na nguo zao za kazi, wahamiaji wasiojua Kiingereza waliocheka sawa na wenyeji, na mpiga piano aliyekuwa akibahatisha wimbo wa kufaa. Nyuma ya watu hao wote, ndani ya kibanda cha mabati kilichobanwa juu ya mlango, alikuwamo mtu mmoja anayetoka jasho, na pembeni yake chombo chenye misokoto ya waya iliyo moto kama jiko. Huyo na chombo chake hawana sura katika vitabu vyao.

Hali yeye ndiye aliyeonekana zaidi kuliko wote. Kila kilichofika ukutani kilipita kwanza mikononi mwake, na ubora wake uliamuliwa kabla hata filamu ya kwanza haijakodiwa, siku mwenye ukumbi alipochagua umeme wa aina gani atautumia, atautoa wapi, na utapitia chombo gani kabla ya kufika kwenye taa. Watazamaji walikuwa wakiutazama uamuzi huo kila dakika. Walidhani wanatazama farasi na majambazi.

Taa yenyewe haikuwa balbu. Balbu za zama zile zilikuwa hafifu mno kuitoa picha yenye upana wa inchi moja na kuitandaza ukuta mzima. Kilichotumika ni tao la umeme, lile ambalo Humphry Davy alilionyesha London mwanzoni mwa karne ya 19. Unachukua vijiti viwili vya kaboni, vinene kama kidole, unavigusanisha ili umeme upite, kisha unaviachanisha kidogo. Umeme haukatiki. Unaruka pengo lile kwa ukali unaoumiza macho. Kama ni umeme wa mkondo mnyoofu, ncha ya kijiti cha upande wa chanya huchimbika kishimo kidogo, chenye joto la zaidi ya nyuzi 3,500 za Selsiasi, na ndani ya kishimo hicho ndimo inamotoka sehemu kubwa ya mwanga wote. Sinema nzima ya miaka ile ilitegemea kishimo hicho kiwe kimeielekea lenzi sawasawa. Vijiti navyo viliungua na kupungua, kwa hiyo opereta alivisogeza kwa mkono mmoja kila baada ya muda mfupi huku mkono wa pili ukizungusha filamu, jicho likichungulia kupitia kioo cheusi. Akichelewa, pengo linapanuka, mwanga unageuka zambarau, na watu huko chini wanaanza kupiga miguu sakafuni.

Tao hili lina tabia moja ya ulafi. Waya wa kawaida ukipitisha umeme mwingi hupata joto na kuuzuia kidogo, lakini tao hufanya kinyume: kadiri umeme unavyozidi kupita ndivyo njia inavyozidi kufunguka. Ukiliunganisha moja kwa moja na nyaya za mjini litaendelea kula mpaka fyuzi iungue. Lazima liwekewe kizuizi. Kizuizi cha bei nafuu kuliko vyote kilikuwa riostati, sanduku la chuma lenye misokoto ya waya ambayo kazi yake ni kula umeme usiotakiwa na kuutapika kama joto.

Hapo ndipo hesabu inapochekesha, kwa anayeweza kucheka. Tao lilihitaji kama volti 55. Miji iliyofuata mfumo wa Edison, aliyewasha kituo chake cha Pearl Street mjini New York tarehe 4 Septemba 1882, ilitoa mkondo mnyoofu wa volti 110. Volti 55 zilizobaki hazikuwa na kazi, zikaenda kwenye riostati. Kwa tao la ampea 40, ukumbi ulivuta kilowati 4.4, nusu ikawa mwanga na nusu ikawa jiko. Chukulia, ili hesabu iwe nyepesi, kwamba yuniti moja ni senti 10 na taa inawaka saa 10 kwa siku. Bili inafika dola 4 na senti 40, ambazo ni tiketi 88. Katika watu hao 88, wa kwanza 44 wamelipia mwanga. Waliobaki wamelipia misokoto ya waya ipate moto.

Na huyo ni mwenye ukumbi mwenye bahati. Palipokuwa na volti 220, robo tatu ya umeme ilipotea: tiketi 132 kati ya 176. Tena ilikuwapo miji ambayo mkondo mnyoofu pekee uliopatikana ni ule wa tramu, wenye volti 500 na zaidi. Wapo waliothubutu kuuvuta hadi kibandani, wakapanga riostati juu ya riostati kama masanduku ya bandarini, na katika kila tiketi kumi tisa zikawa za joto. Bili haikuwa ubaya pekee, kwa maana volti kama hizo ndani ya kibanda cha mabati, mikononi mwa kijana anayetoka jasho, zilikuwa zinamngojea ateleze tu.

Kwa nini basi asichukue tu umeme mwingine? Kwa sababu umeme wa wakati ule haukuwa kitu kimoja. Mkondo mnyoofu haukuweza kusafiri mbali bila kudhoofika, kwa hiyo ulikaa katikati ya miji mikubwa, karibu na mitambo. Vitongoji na miji midogo ilipewa mkondo geu, ule ambao transfoma huweza kuupandisha na kuushusha, na ambao hubadili mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde. Mwenye kumbi mbili katika mji mmoja aliweza kujikuta anahitaji vyombo viwili tofauti kabisa, kimoja mtaa wa maduka na kingine ng'ambo ya mto. London ilikuwa kichekesho cha peke yake: ilipofika mwaka 1917, jiji hilo lilikuwa na mamlaka 70 za umeme, aina 50 za mifumo, volti za namna 24 na masafa ya namna 10. Anayelalamikia leo chaja isiyoingia kwenye soketi angehurumiana sana na watu wale.

Waliouona ugumu huu mapema ni wale walionunua haki za kuonyesha Vitascope, mashine iliyouzwa kwa jina la Edison na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Koster and Bial's, New York, tarehe 23 Aprili 1896. Mashine ile ilizungushwa kwa mota ya umeme. Mwenye haki aliteremka kwenye treni na masanduku yake, akaenda kuuliza umeme wa mji, akakuta si ule unaofaa mota yake, au akakuta mji hauna umeme kabisa. Ndugu Lumière wa Lyon walikuwa wajanja zaidi, au pengine walikuwa wamesafiri zaidi. Mashine yao ilizungushwa kwa mkono na ilikubali taa ya aina yoyote, na ndiyo maana tarehe 7 Julai 1896, miezi michache tu baada ya onyesho lao la Paris, mjumbe wao aliweza kuonyesha picha katika Hoteli ya Watson mjini Bombay. Mpini wa kuzungusha kwa mkono haukuulizi volti.

Mkondo geu ulileta maudhi ya aina yake ndani ya tao. Kwa kuwa mwelekeo hubadilika, vijiti vyote viwili hupokezana uchanya, na badala ya kishimo kimoja vinapatikana viwili vidogo, kimoja kikiangalia lenzi na kingine kikiangalia pembeni, mwanga wake ukipotelea humo humo ndani ya taa. Ili kupata picha yenye nguvu ileile ilibidi ampea ziongezwe sana. Isitoshe, tao la mkondo geu huvuma. Katika ukumbi ambao picha zake hazina sauti, mvumo ule ulisikika kama nyuki aliyefungiwa chupani.

La kustaajabisha zaidi lilitokea karibu na maporomoko ya Niagara. Umeme wa maji ya Niagara, uliofika mjini Buffalo mwezi Novemba 1896, ulikuwa wa mizunguko 25 kwa sekunde. Tao hung'aa mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 50 kwa sekunde. Upande wa pili, filamu ya picha 16 kwa sekunde iliyopita mbele ya kifuniko cha mapanga matatu ilikatizwa mwanga mara 48 kwa sekunde. Tofauti ni 2. Mara mbili kila sekunde, mwako wa tao na ufunguzi wa kifuniko vilikutana na kuachana, na ukuta mzima ukaonekana kama unapumua. Opereta akiharakisha mkono kidogo, pumzi inabadilika. Akipunguza, inabadilika tena. Hakuna filamu, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kushindana na ukuta unaopumua.

Mafundi walilishughulikia jambo hili kwa njia tatu, na kila njia ilikuwa na wapenzi wake. Ya kwanza ilikuwa kuukubali mkondo geu ulivyo, lakini kutupa riostati na kuweka transfoma maalumu inayoshusha volti bila kuzichoma. Economizer ya Hallberg ilikuwa ya kundi hilo, na Compensarc ya kiwanda cha Fort Wayne ilianzia huko huko. Majina yenyewe yalikuwa tangazo: uchumi, fidia. Bili ilipungua kwelikweli. Picha haikupona.

Ya pili ndiyo iliyokuwa nzuri kuitazama. Mwaka 1902 Peter Cooper Hewitt alitoa rektifaya ya zebaki. Ni chupa kubwa ya kioo iliyoondolewa hewa, tumboni mwake zebaki kidogo, na mikono miwili ya kioo imechomoza kando. Mvuke wa zebaki huruhusu umeme upite upande mmoja tu, kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa kabla ya swala: wote wanaingia, hakuna anayetoka. Mkondo geu unaingia, mkondo mnyoofu unatoka. Ili kuiwasha, chupa iliinamishwa kidogo, zebaki ikagusa kiungo cha pembeni, ikarudi, na cheche iliyozaliwa hapo ikaendelea kuishi. Kisha chupa nzima ikajaa nuru ya kijani na buluu, isiyotulia, inayocheza juu ya dimbwi la zebaki. Si ajabu kama wapo maopereta walioipenda kuliko filamu walizokuwa wakionyesha. Ubaya wake ni kwamba kioo ni kioo. Chupa ikipasuka au ikichoka, usiku huo hakuna onyesho, na chupa mpya iko mbali kwa treni.

Njia ya tatu ilikuwa nzito, ya chuma, na ya gharama. Mota inayoendeshwa na mkondo geu ilifungwa kwenye mhimili mmoja na dinamo inayotoa mkondo mnyoofu wa volti zile zile ambazo tao linazitaka. Nyaya za mjini na nyaya za taa hazikukutana kabisa. Kinachovuka kati yao ni mzunguko wa chuma tu. F. H. Richardson, aliyeandika safu ya maopereta katika jarida la Moving Picture World na kutoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1910, alikuwa mtetezi mkubwa wa mkondo mnyoofu, na hakuwa na subira na mwenye ukumbi anayetumia pesa kupamba mlango kwa plasta na balbu huku akibana senti kwenye kibanda. Katika ugomvi huo haki ilikuwa upande wake. Mlango hutazamwa dakika moja.

Lakini vipi pale ambapo mjini hakuna nyaya za kuunganisha? Au zipo, ila mtambo wa mji unawashwa jioni tu na kuzimwa usiku, kama ilivyokuwa desturi ya miji mingi midogo, hata maonyesho ya mchana yasiwezekane? Hapo mwenye ukumbi aligeuka kuwa shirika la umeme la mtu mmoja.

Na kwa ajabu, huyu aliyeonekana maskini ndiye aliyekuwa na uhuru kuliko wenzake wote. Aliye mjini alipokea volti alizopewa. Aliyenunua injini na dinamo yake aliweza kuagiza dinamo ya volti 60, akabakiza kizuizi kidogo tu, na karibu kila tone la mafuta likaishia kwenye tao. Mtambo wa kilowati 4 wa volti 60 hutoa ampea zaidi ya 60, zinazotosha tao zuri na balbu chache za mlangoni. Viwanda vilisikia harufu ya biashara. Matangazo yakawaahidi wenye kumbi mwanga usiopepesa, na neno hilo, kutopepesa, linaeleza mengi kuhusu kilichokuwa kikiwasumbua.

Maana injini ya silinda moja haivuti sawasawa. Hulipuka mara moja katika kila mizunguko miwili, na kati ya mlipuko na mlipuko huishi kwa kumbukumbu. Ikizunguka mara 300 kwa dakika, kuna misukumo miwili na nusu kila sekunde, na kila msukumo unafika ukutani kama mpigo wa moyo. Dawa yake ilikuwa gurudumu zito la chuma, zito kupita kiasi, ili lihifadhi mwendo na kuugawa taratibu. Au injini ya silinda nne, kwa mwenye uwezo. Hata gurudumu likiwa sawa, palibaki ukanda. Ukanda wa ngozi unaounganisha injini na dinamo una mahali uliposhonwa, na kila mshono ulipopita juu ya puli, dinamo ilishtuka kidogo na taa ikakonyeza. Fundi aliyejua kazi yake aliushona ukanda kwa mshazari, akaukata na kuuparuza mpaka maungio yake yakawa membamba kama ukanda wenyewe. Mtazamaji aliyekaa kiti cha tatu akimlilia binti aliyefungwa relini hakujua kwamba machozi yake yanalindwa na mshono wa fundi wa ngozi.

Kufunga mtambo wenyewe kulikuwa na adabu zake. Injini haikai chini ya ukumbi ila kwa asiye na pa kuiweka. Hukaa bandani, uani, juu ya msingi wake wa zege usiogusana na ukuta wa nyumba, la sivyo ukumbi mzima hutetemeka na picha nayo. Bomba la moshi hupelekwa mbali na madirisha. Tangi la mafuta hukaa nje. Waya kutoka dinamo hadi kibandani huwa mnene kuliko fikira ya mtu wa kawaida, kwa sababu volti zikiwa chache ampea huwa nyingi, na waya mwembamba utageuka riostati nyingine bila kuombwa. Ndani ya kibanda, karibu na taa, waya wenye ngozi ya mpira haufai kitu, mpira unayeyuka. Ulitumika uliofungwa kwa asbesto, ambayo siku hizo ilihesabiwa kuwa rafiki wa binadamu. Swichi zilikuwa za visu vya shaba, wazi kabisa, zimepangwa juu ya ubao wa marumaru au jiwe la sleti. Nyaya za taa za ukumbi zilitengwa na nyaya za projekta, ili fyuzi ya projekta ikiungua watu wasiachwe gizani. Sharti hili la mwisho halikuhitaji fundi kulielewa. Lilihitaji tu mtu aliyewahi kuwa ndani ya umati uliotishika.

Hofu hiyo ilikuwa na tarehe yake. Tarehe 4 Mei 1897, huko Paris, katika soko la hisani la Bazar de la Charité, moto uliwaua watu wapatao 126, wengi wao wanawake wa familia kubwa. Moto ulianzia kwenye projekta, lakini taa yake haikuwa ya umeme. Ilikuwa ya etha na oksijeni, na ulizuka wakati taa ikijazwa upya. Kwa waliouza dinamo hilo lilikuwa somo tosha: umeme hauna etha. Ila filamu ya nitrati iliyokuwa ikipita mbele ya tao ilikuwa yenyewe nusu baruti, na haikujali mwanga umetokana na nini. Uingereza ikapitisha sheria ya sinema mwaka 1909, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1910, na kibanda kisichoshika moto kikawa lazima. Opereta akafungiwa ndani zaidi.

Waingereza wenyewe walikuwa wameizoea sinema yenye mtambo wake hata kabla ya kumbi za kudumu. Wenye maonyesho ya minadani na viwanja vya sherehe walizunguka na injini za mvuke zilizotengenezwa na akina Burrell wa Thetford. Mashine hiyo iliburuta magari ya onyesho kutoka mji hadi mji, na ikifika, ukanda ulifungwa kutoka gurudumu lake hadi kwenye dinamo iliyopandishwa mbele ya bomba la moshi. Mashine ile ile iliyoleta hema sasa ikaliwasha. Nguzo zake zilisokotwa kwa shaba iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuificha. Ilikuwa sehemu ya onyesho, na watoto walikuja kuitazama bure.

Hata majina yanakumbuka. Thomas Tally alifungua ukumbi wake Los Angeles mwaka 1902 akauita Electric Theater. Birmingham ikapata Electric yake mwaka 1909, na Mtaa wa Portobello huko London ukapata yake mwaka 1911. Leo jina hilo husikika kama pambo la kizamani, lakini lilikuwa ahadi kwa mnunuzi: humu ndani hakuna gesi wala etha, humu kuna umeme.

Kumbi zilipokuwa majumba, hesabu ilibadilika tena. Projekta zikawa mbili, ili onyesho lisikatike wakati wa kubadili filamu, na dakika chache kabla ya kupokezana, matao yote mawili yalipaswa kuwaka pamoja. Dinamo iliyotosha moja ikaanza kuinama katika dakika zile tu ambazo picha haikutakiwa kuinama. Hertner wa Cleveland aliwauzia wenye kumbi Transverter, iliyopanga matao mawili kwa mfuatano na kupandisha volti badala ya ampea, ili la kwanza lisisikie kwamba mwenzake ameamka. Baadaye likaja tao kali, alilolivumbua Heinrich Beck wa Ujerumani na ambalo lilianza kama mwanga wa kurunzi kubwa za kijeshi. Lilikula zaidi ya ampea 100 bila haya. Chini ya sakafu za marumaru kukawa na vyumba vya mitambo ambavyo mji mzima wa mwaka 1890 ungejivunia.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilipata umeme kwa mlango wa fahari. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, linakumbukwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Historia inayosimuliwa na shirika la umeme la Kenya huanza na jenereta ya Sultani huyo huyo: mwaka 1908 Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, aliichukua na kuivusha bahari, na kampuni ya umeme ya Mombasa ikazaliwa hapo. Mwaka huo huo Wajerumani waliwasha mtambo Dar es Salaam, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa ya Wazungu. Basi ukumbi wa Royal ulipojengwa Zanzibar mwaka 1921, kwa ramani ya J. H. Sinclair, ulijengwa katika mji uliokwisha kuzoea taa. Ukaungua mwaka 1953, na mahali pake pakasimama Majestic.

Bara ilikuwa habari nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa filamu uliokaa Vugiri, milimani Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, ulipeleka picha vijijini kwa lori, na lori hilo lilibeba umeme wake kama lilivyobeba skrini. Yaliyomo ndani ya filamu zile yamejadiliwa sana na wasomi, na yanastahili, maana yalijaa fikira za kikoloni kuhusu Mwafrika anachoweza kukielewa. Lakini kwa mtu aliyesimama uwanjani jioni ile, muujiza wa kwanza ulianza kabla ya picha, injini iliponguruma na kitambaa cheupe kikapata nuru mahali ambapo hapakuwa na nguzo hata moja ya umeme.

Vijiti vya kaboni vilianza kustaafu miaka ya 1950, taa za xenoni zilipoingia sokoni. Nazo, ndani ya kioo chao kinene, ni tao, na zinataka mkondo mnyoofu kama waliotangulia.

Katika mitaa ya miji ya Tanzania, ambako watu hubanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza kutazama filamu iliyotafsiriwa au mechi ya jioni, mwenye kibanda bado huweka jenereta uani, nyuma ya ukuta, mwisho wa waya mrefu, na bomba lake la moshi ameligeuzia upande wa jirani asiyelalamika sana. Umeme ukikatika, minong'ono ni mifupi, kwa kuwa kila mtu anasikia kamba ikivutwa, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ikishika, watu wanaitikia. Ikianza kukohoa katikati ya picha, wote wanaiacha skrini na kugeuza shingo nyuma, ukutani, na kijana mmoja anatoka mbio na kidumu cha petroli.